Mafuta ya transfo: namna ya kuyapima hapo hapo kazini



Transfo nyingi za zamani zilitiwa mafuta yenye PCB (tunasema pe-se-be), kwa sababu hayashiki moto upesi. Lakini sumu hii haiozi. Inakaa katika udongo miaka mingi, inaingia katika samaki, kisha katika mwili wa mtu, hata katika maziwa ya mama. Kule Japani, mwaka 1968, PCB ilivuja kutoka bomba la kiwanda na kuingia katika mafuta ya kula. Watu wengi walitokwa na vipele vibaya, na watoto wengine walizaliwa na ngozi iliyogeuka rangi.

Wengine wanatia tone katika maji: likizama wanasema ni sumu, likielea wanasema ni salama. Hapo wanajidanganya. PCB yenyewe ni nzito, ndiyo, inazama. Lakini mafuta ya kawaida yaliyochanganyika nayo kidogo, pengine kwa pampu iliyotumika kwa transfo mbili, yanaelea.

Kuna vichupa vya kupimia ambavyo fundi anabeba mfukoni. Shurti avae glavu. Anatia mililita 5 za mafuta, anavunja vidude vya ndani, anatikisa. Sodiamu inaikata klori kutoka PCB. Kisha anatia maji, na dawa ya mwisho inaonyesha rangi. Ikiwa zambarau, PCB haifiki miligramu 50 katika kilo moja. Ikibaki nyeupe kama maji au manjano, kuna klori nyingi: transfo ile ifungwe, na mafuta yapelekwe labo. Hata jasho la mkono, kwa chumvi yake, linaweza kugeuza rangi. Kwa hiyo labo ndiyo itakayokata neno. Vichupa vilivyotumika vina zebaki, visitupwe ovyo.

Sasa neno kwa mama. Kule Kenya wezi walichota mafuta ya transfo, wakayauza kwa wakaanga viazi, kwani yanadumu sana katika kikaango. Mtu akikuletea bidoni ya bei ya chini, bila alama ya kiwanda, usinunue. Usipake ngozini wala kwenye kidonda. Na wewe bwana, usilete nyumbani pipa la transfo la kuwekea maji, hata ukiliosha kwa sabuni mara kumi. Ukiona transfo inavuja, watoto wasicheze hapo. Mwambie mkubwa wako wa kazi siku ile ile.