Ustawi wa Mbwa ni Kinga ya Binadamu

Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza, huua takriban kila mgonjwa. Ili kukata mnyororo wa maambukizi, Shirika la Afya Duniani hushauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kiwango hicho hakifikiwi kwa mabavu. Mbwa aliyekabwa kwa waya mwaka huu hukataa kuletwa mwaka ujao, na asiyechanjwa hubaki hatari kwa watoto wa nyumba hiyo.

Ndiyo maana mwanafunzi wa tiba ya wanyama hana budi kujifunza kumkaribia mbwa kwa ubavuni, bila kumkodolea macho, na kumshika kwa utulivu. Siku ya chanjo kijijini, humweleza mwenye mbwa mambo matatu: tumia kamba laini, mpe maji na kivuli, usimpige.

Mhudumu wa afya aongeze la nne: aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha afike kituoni siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa dogo. Ukimpokea, muulize iwapo mbwa alichanjwa, na umwarifu ofisa mifugo bila kuchelewa.