Mafunzo Niliyopata: Nani Mwenza Wako Kazini?

Ninasaidia watu kusoma mikataba ya kazi, Bukoba mjini na vijijini Muleba, Tanzania: walimu, wafanyakazi wa samaki na wa kahawa. Swali gumu kuliko la mshahara ni hili: ninayeishi naye atapata nini nikiugua au nikifa?

1. Anza na fomu ya wategemezi unayojaza kazini, kisha angalia sheria inamtambua nani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa angalau siku 4 za likizo yenye malipo ukifiwa na mume au mke. Ukifiwa na mtu ambaye sheria haimtaji, unategemea huruma ya bosi.

2. Cheti cha ndoa si ushahidi pekee. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinawadhania kuwa wameoana mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, wakajulikana hivyo. Dhana hiyo hupingwa mahakamani, kwa hiyo majirani wanaowafahamu ni hazina.

3. Wapenzi wa jinsia moja hawamo kabisa. Kifungu cha 9 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inaweka kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Kwao, kumwandika mwenza kwenye fomu ni kujianika. Ninawashauri wamwone wakili faraghani kabla ya kugusa kalamu.

4. Mwajiri anaweza kuitangulia sheria ya nchi. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliamua kutambua ndoa za watumishi wake zilizofungwa kihalali, hata za jinsia moja. Wakati mwingine mahakama ndiyo humsukuma mwajiri: Afrika Kusini, mwaka 1998, mahakama ilimtetea polisi mwanamke aliyetaka mwenza wake wa kike aingizwe kwenye bima ya afya ya jeshi la polisi.

5. Mila huulizwa maswali hata Muleba. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza shamba alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake akamshtaki Mahakama ya Mwanzo Kashasha, kwa kuwa mila ya Wahaya ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliona katazo hilo ni ubaguzi unaokiuka Katiba. Kesi hiyo haikuhusu wapenzi wa jinsia moja, wala siwaahidi ushindi. Ila anayeniambia kilichozoeleka hakibadiliki, namtajia kesi iliyoanzia Kashasha.