Kuufuata Waya Kabla ya Kununua Kifaa

Hapa Mabamba, ambako barabara itokayo Kibondo hukaribia mpaka wa Burundi, na udongo mwekundu huwa vumbi wakati wa kiangazi na tope la kunata wakati wa mvua, pikipiki ndiyo punda wa mizigo ya soko, ndiyo gari la abiria, na usiku wa dharura ndiyo machela ya mja mzito apelekwaye kujifungua. Kwa hiyo chombo hicho kinapokata moto njiani, hasara haimwangukii dereva peke yake.

Asubuhi moja ya mvua za mwanzo alinijia kijana wa bodaboda, akiisukuma pikipiki yake ya Kichina. "Shikamoo, mzee," akasema, "CDI imekufa, nimeshaambiwa. Naenda Kibondo kununua nyingine." Nikamwomba asubiri kidogo, kwa maana mimi mwenyewe, katika miaka yangu ya kwanza ya ufundi, niliwahi kumnunulisha mtu CDI mbili ilhali ugonjwa ulikuwa katika waya mmoja tu, na fedha ile ya mkulima wa maharage inanihuzunisha hadi leo.

Ndani ya kifuniko cha kushoto cha injini sumaku huzunguka penye koili, na mzunguko huo huzaa umeme kwa kanuni aliyoidhihirisha Michael Faraday mwaka 1831. Katika pikipiki nyingi za namna hii umeme huo hushika njia mbili: moja huenda kwenye CDI, kile kisanduku kinachofyatua cheche, kisha koili ya moto, kisha plagi, na ya pili huenda kwenye rektifaya, kisha betri. Njia hizi ukizichanganya akilini utatibu mguu kwa maradhi ya jicho. Walakini zipo pikipiki ambazo CDI yake hulishwa na betri, na hizo betri ikifa nazo hunyamaza. Basi ulizia yako ni ya aina gani kabla hujashika bisibisi.

Nikaifungua plagi, nikairudisha katika kofia yake, nikaligandamiza gamba lake juu ya chuma cha injini, mbali na tundu lenye mvuke wa petroli, kisha kijana akapiga kiki. Cheche ya buluu yenye mlio ingalitupeleka kutazama kabureta. Lakini hapakuwa na cheche yoyote. Plagi isiachwe ikining'inia bila kugusa chuma, kwani umeme uliokosa njia huweza kuiua CDI iliyokuwa nzima.

Hapo ndipo mafundi wengi hukimbilia duka. Mimi huchomoa kwanza waya wa kuzimia, ambao aghalabu ni mweusi wenye mstari mweupe, ingawa katika chombo kilichopita mikono mingi rangi si ushahidi wa kutegemewa. Katika mfumo ambao CDI hulishwa na koili, kama wa kijana huyu, swichi huzima injini kwa kuugusisha waya huo na bodi; kwa hiyo ukichunika mahali popote ukagusa chuma, injini huzimika kana kwamba mtu amegeuza ufunguo. Tulipouchomoa, cheche ikaruka. CDI ilikuwa hai. (Katika hali hiyo ufunguo hauzimi tena injini; ukiiwasha, uwe tayari kuizima kwa gia na breki.)

Cheche ingalikosekana hata hapo, ningaliikagua ardhi, yaani waya wa kijani na bolti yake, niondoe kutu na rangi kwa msasa, kisha niipime kwa mita pulsa, ile koili ndogo inayoiashiria CDI wakati wa kutoa cheche, ambayo mara nyingi husoma kati ya omu 100 na 200, na kuilinganisha na ya pikipiki nzima ya aina ile ile.

Amma kuhusu kuchaji, yaani ile njia ya pili, betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7, na injini ikiongezwa moto inapasa kupanda hadi 14 na kidogo. Isipopanda, tazama soketi ya rektifaya kama imeungua kabla ya kuilaumu koili iliyo penye sumaku. Na ikipita 15, rektifaya imeshindwa kuuzuia umeme na betri itachemka.

Waya wa kuzimia wa pikipiki ya kijana yule tuliukuta umechunika shingoni, chini ya usukani, mahali unaposuguliwa kila anapokata kona. Nikauunga kwa risasi, nikaufunika kwa utepe, nikauvisha kipande cha tyubu kuukuu, kisha nikaurudisha kwenye CDI, nikawasha injini na kumwambia ageuze usukani mpaka mwisho wa kushoto na mpaka mwisho wa kulia, mara kumi. Na ilipokuwa haijazimika hata mara moja, ndipo nikaufunga waya kwenye fremu, nikiuachia ulegevu wa vidole viwili.