Sarafu Chini ya Mwembe: Ni ya Nani?



Somo letu la mwezi huu limetokana na kisa kidogo kilichotokea mtaani kwetu. Kijana mmoja aliazima detekta, yaani mashine ya kutafutia vitu vya madini ardhini, akaenda kuipitisha katika ua wa bibi mmoja jirani yake. Bibi alikuwa amekwenda sokoni. Chini ya mwembe mashine ikalia. Kijana akachimba, akatoa sarafu yenye tundu katikati, imeandikwa heller 10, mwaka 1910. Bibi aliporudi alikuta shimo, mizizi imekatwa, na sarafu imo mfukoni mwa kijana.

Yakazuka maneno. Kijana akasema, "Lakini Bibi, wewe hukujua hata kama ipo." Bibi akamjibu, "Mjukuu wangu, hata mayai ya kuku wangu sijui yametagwa wapi, lakini ni yangu."

Wakaja kwetu kuamuliwa. Kabla ya kutoa jibu, yafaa tujifunze mambo machache.

1. Sarafu hizo zilifikaje uani?

Kila siku tunasema "hela", na wengi hatukumbuki kuwa neno hilo latokana na heller ya Wajerumani. Sarafu hiyo ililetwa mwaka 1904, heller 100 kwa rupia moja. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64. Heller zilipigwa kwa mamilioni, kwa hiyo nyingi hazina bei kubwa hata leo. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki na senti zake, mpaka shilingi ya Tanzania ilipoanza kuzifuatia mwaka 1966. Pwani ziko pia pesa za shaba za Sultani Barghash, zenye picha ya mizani, na za kale zaidi za masultani wa Kilwa.

Watu hawakuzifukia zote kwa makusudi. Mfuko ulitoboka, mtoto aliyetumwa dukani alidondosha chenji, mama alianua nguo na senti ikaanguka. Kisha majani, minyoo na udongo wa mvua vikafunika. Ndiyo sababu huonekana zaidi chini ya miti ya kivuli, mbele ya mlango, na kando ya njia ya kisimani.

2. Mashine hufanyaje kazi?

Katika sahani ya chini mna waya uliozungushwa. Umeme ukipita, waya huo hutoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikutana na chuma, shaba au fedha, kitu hicho huijibu, na mashine hulia. Lakini hailii kwa sarafu tu. Hulia pia kwa kizibo cha soda, msumari na kipande cha bati. Kwa sarafu moja ndogo, mara nyingi haifiki mbali zaidi ya shubiri moja.

Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alijaribu kuitafuta risasi hiyo mwilini kwa chombo cha namna hii. Hakuipata. Sababu moja ilikuwa springi za chuma za kitanda, ambazo zilikivuruga chombo. Basi tusimwamini mtu anayedai kwamba mashine yake ya mkononi huona sarafu mita kumi chini.

3. Kwa nini tusifukue ovyo?

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa pwani yetu. Hazikuandikwa mwaka. Lakini pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu kutoka nchi nyingine, na hizo ndizo zilizowawezesha wataalamu kujua kuwa akiba ile ni ya karne ya 11. Kama mtu angalizichukua zile za dhahabu akaziuza, tungalipoteza ushahidi wa historia yetu wenyewe. Sarafu ikitengwa na mahali pake na wenzake, huwa kama shahidi aliyekatwa ulimi.

Tazameni na mfano wa Hoxne, Uingereza. Mwaka 1992 mkulima alipoteza nyundo shambani mwake. Rafiki yake, Eric Lawes, akaenda na mashine kumsaidia kuitafuta. Alipoona fedha na dhahabu zikitokeza, aliacha kuchimba, akatoa taarifa. Wataalamu walikuta sarafu za Kirumi zaidi ya 14,000, na mabaki ya sanduku lililozihifadhi. Lawes alilipwa pauni 1,750,000, akagawana na mkulima huyo. Hata nyundo ilipatikana. Angeweza kujaza mfuko usiku. Uaminifu wake ndio uliomfaa.

4. Sheria na ulaghai

Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haimruhusu mtu kuchimba kwa kutafuta vitu vya kale bila leseni. Anayekuta kwa bahati kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 hana budi kutoa taarifa serikalini au kwenye makumbusho. Heller ya 1910 si ya kale kiasi hicho, lakini nani ajuaye atatoa nini kabla ya kuchimba?

Tena tujihadhari na wale wanaopita wakinong'ona juu ya "mali ya Mjerumani", wakidai kwanza wapewe fedha za dawa au za mashine. Ni kweli kwamba mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora, zenye picha ya tembo. Lakini ukweli mmoja hutumiwa kuuzia uongo mia. Wengi wameuza ng'ombe na kubaki na mashimo.

5. Tuhukumu kisa chetu

Wengine watasema kwamba hata katika Mathayo 13 yule mtu alificha hazina aliyoiona. Ni kweli, lakini someni mpaka mwisho: alilinunua shamba. Na yule mwanamke wa Luka 15 alitafuta fedha yake mwenyewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na alipoiona hakuificha, bali aliwaita majirani.

Basi ukipoteza pete au ufunguo uani kwako, tafuta. Kwa mwenzako, bisha hodi na ungoje jibu. Fukia kila shimo. Jihadhari na nyaya za umeme na mabomba, na ukiona risasi au bomu la zamani usiliguse, ita polisi. Ukiona sarafu nyingi pamoja, simama. Usizisugue, maana kusugua huharibu maandishi.

Kijana alirudisha sarafu na kufukia shimo. Bibi aliitazama kwa muda, akasema babu yake alilipwa hela kama hizo kwenye shamba la mkonge. Sasa anawaonyesha wajukuu. Kisha yeye mwenyewe alimwomba kijana alete mashine amtafutie pete iliyompotea penye kamba ya nguo. Mpaka leo wamepata vizibo vitatu na msumari mmoja. Pete bado. Lakini wanatafuta pamoja, na chai huletwa uani.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, kutokujua kwamba una kitu kunakuondolea haki yako juu yake?
2. Kwa nini Lawes aliacha kuchimba? Wewe ungefanyaje?
3. Je, iko sarafu ya zamani nyumbani kwenu? Waulizeni wazee ilitokea wapi, mkaandike habari zake.