NEPI ZA KITAMBAA: SOMO LA WASICHANA NA WAVULANA

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini yuko mgeni mmoja ambaye akifika, mwenyeji hapati hata nafasi ya kukaa chini. Mgeni huyo ni mtoto mchanga. Halimi, hachumi chai, hachoti maji, na bado anachafua nguo kumi kwa siku. Mwezi wa Aprili mwaka huu mgeni wa aina hiyo alikuja kwetu hapa Nyacheki, wakati mvua inanyesha karibu kila alasiri. Nitawaeleza vile nepi za kitambaa zinavyotengenezwa, zinavyofungwa na zinavyofuliwa. Mimi ni mvulana, kwa hivyo najua kuna watakaocheka. Wacheke, bora wasome hadi mwisho.

Neno lenyewe

Nepi ni neno la kukopa, lakini sisi wanachama wa Kiswahili tusidhani lugha yetu haikuwa na lake. Lipo neno winda, yaani kitambaa anachofungwa mtoto ili kuzuia mkojo na choo. Pia tunasema kupiga uwinda, maana yake kupitisha nguo katikati ya miguu na kuichomeka. Zile za kutupa watu wa huku huziita pampasi, hata kama zimetoka kampuni nyingine kabisa. Jina hilo lilitokana na Pampers, nepi ambazo kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilianza kuuza mwaka wa 1961. Kwa hivyo pampasi haijamaliza hata miaka 100 duniani, na watoto walilelewa kabla yake.

Hesabu ya nyumbani

Kwa duka la jirani yetu pampasi moja ni shilingi 20. Mtoto mchanga akitumia sita kwa siku, na hapo umebana sana, hiyo ni shilingi 120. Kwa siku 30 ni shilingi 3,600. Nyanya yetu, ambaye nyumbani tunamwita magokoro, hupima kila kitu kwa majani ya chai. Alisema kumvalisha mtoto pampasi moja ni kama kumfunga kilo nzima ya majani mabichi halafu kuitupa chooni. Sote tunajua bonasi ya chai haiji kila mwezi.

Sisi tulinunua mitumba sokoni: mashuka mawili makubwa ya pamba kwa shilingi 400 na taulo tatu kwa shilingi 300. Uzi na pini zilikuwa shilingi 60, na chupi mbili za plastiki za kuvalisha juu shilingi 200. Jumla ni shilingi 960. Ongeza sabuni ya shilingi 300 kwa mwezi, unapata 1,260. Toa kwenye 3,600, zinabaki 2,340, na huo ni mwezi wa kwanza tu. Kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa kama mimi, hizo ni pesa za chakula cha mchana shuleni. Tena nepi hizo hizo zitamngoja mtoto mwingine akija.

Kutengeneza

Kwanza chagua kitambaa. Kinachofaa ni pamba: shuka kuukuu, taulo, flaneli ama fulana zilizochakaa. Kitambaa kuukuu ni kizuri zaidi kwa sababu ni laini na kinanyonya haraka. Nguo nyingi za siku hizi zina nyuzi za plastiki, nazo hazinyonyi. Utajuaje? Dondosha tone la maji. Kwenye pamba litazama, kwenye poliesta litakaa juu kama umande kwenye jani la nduma. Unaweza pia kuchomoa uzi mmoja ukauchoma moto. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, lakini poliesta huyeyuka na kuwa donge gumu.

Pili, fua kitambaa kabla ya kukikata, maana pamba hurudi ikifuliwa. Kama ni kipya, kifue mara kadhaa ili wanga wa kiwandani utoke, la sivyo mkojo utateleza juu yake.

Tatu, pima na ukate. Nepi ya kawaida ni mraba wa sentimita 60 kwa 60. Shuka kubwa moja ilitupatia vipande tisa, na taulo moja vipande viwili. Mashuka mawili ni vipande 18, taulo tatu ni sita, jumla 24. Usipunguze sana idadi hiyo. Mtoto wa wiki chache anaweza kubadilishwa mara nane hadi 12 kwa siku, na msimu wa mvua utakuta nyingine bado ziko kambani.

Nne, pinda kingo zote na uzishone ili nyuzi zisichomoke. Uzi uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu wa mtoto na kuzuia damu. Kama hakuna cherehani, sindano ya mkono inatosha. Sisi tulishona jioni tatu.

Kumfunga mtoto

Kunja mraba uwe pembetatu. Mlaze mtoto, upande mrefu ukae kiunoni na ncha moja ishuke kati ya miguu. Weka katikati kipande cha taulo kilichokunjwa kama mto mdogo. Kwa mvulana mto huo usogezwe mbele, kwa msichana ukae katikati. Pandisha ile ncha tumboni, lete ncha mbili za kando juu yake, kisha funga kwa pini.

Hapa kuna mambo manne ya kushika. Moja, kwa mtoto ambaye kitovu hakijakauka na kuanguka, kunja nepi chini ya kitovu ili kipate hewa na kisiloweshwe na mkojo. Mbili, unapochoma pini weka vidole vyako kati ya nguo na ngozi ya mtoto. Ikiwa kuna wa kuchomwa, uwe wewe. Pini ikikataa kupita, idunge kwanza kwenye mche wa sabuni, itateleza. Tatu, usikaze. Vidole viwili vipite kiunoni bila shida. Nne, siku mbili tatu za kwanza choo cha mtoto ni cheusi na kinanata kama lami. Tandika juu kipande cha fulana kuukuu ili nepi nzuri zisishike madoa.

Kuhusu chupi ya plastiki: mwaka wa 1946 mama mmoja Mmarekani aitwaye Marion Donovan alichoka kufua matandiko, akakata pazia la bafuni na kushona kifuniko cha nepi kisichopitisha maji. Alipata hataza yake mwaka wa 1951. Ni uvumbuzi mzuri, lakini plastiki hufungia joto, na joto na mkojo pamoja huleta upele. Mvalishe mtoto mkienda kanisani ama usiku, na mchana mwache bila. Usitumie kabisa mfuko wa plastiki mahali pa chupi hiyo, kwa sababu ukimfikia mtoto usoni unaweza kumziba pumzi. Tena mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017.

Wakati wa kubadilisha, mpanguse mtoto kwa maji ya uvuguvugu kutoka mbele kwenda nyuma, hasa msichana. Mkaushe, mwache akae uchi kidogo apate hewa, halafu mpake mafuta mepesi. Poda haifai, maana vumbi lake huingia mapafuni. Upele ukizidi siku chache ama ukitoa usaha, hiyo si kazi ya magokoro tena, mpeleke kituo cha afya.

Kufua

Watu wengi hufikiri choo cha mtoto hakina madhara ati kwa sababu ananyonya tu. Hiyo si kweli. Kinabeba viini vya kuhara kama cha mtu mzima. Kwa hivyo kipanguse na kukitupa chooni, si kwenye migomba wala kijitoni. Nawa mikono kwa sabuni kila mara.

Nepi ziwe na beseni lake, lisiwe la kuoshea mboga. Loweka kwanza kwa maji baridi yenye sabuni, maana maji moto yakitangulia hukazia madoa. Kisha fua kwa maji moto. Baada ya hapo suuza mara tatu ama mpaka povu liishe kabisa. Sabuni inayobaki kwenye nguo huwasha ngozi ya mtoto, na wengi hulaumu maziwa ya mama bure. Mara moja kwa wiki zichemshe kwenye sufuria yake. Maji machafu yamwagwe chooni, mbali na chemchemi. Sisi huku tunakunywa maji ya chemchemi, na anayefulia nepi juu yake anawanywesha jirani wa chini.

Kukausha

Jua ni dawa. Huua viini na kufifisha madoa bila kulipisha hata ndururu. Kwa vile mvua ya Kisii hupenda kuja alasiri, nepi zinafaa kuwa kambani asubuhi mapema. Usizianike kwenye nyasi ama kivulini zikabaki na unyevu. Sehemu nyingi za Afrika kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na buu lake huingia chini ya ngozi. Pasi ya makaa huua mayai hayo na pia humaliza unyevu wa siku za mvua. Kama hakuna jua kabisa, tunga kamba ndani ya nyumba, lakini si juu ya moshi wa jikoni.

Na zile za kutupa?

Nisiwe hakimu wa upande mmoja. Pampasi ina kazi yake. Mama akiwa mgonjwa, ama safari ya matatu hadi mjini Kisii, hapo nayo inasaidia. Taabu ni mwisho wake. Ndani yake kuna plastiki na chembe zinazonyonya maji, vitu ambavyo haviozi kama ganda la ndizi. Ukiitupa chooni, shimo linajaa upesi. Ukiitupa kijitoni, vijito vyetu vingi huingia Mto Gucha, na Gucha huenda mpaka Ziwa Victoria. Mashamba yetu ni madogo, hakuna mahali pa kuificha. Mwaka wa 2024 Muswada wa Fedha ulipendekeza ushuru wa mazingira ambao ungegusa nepi za kutupa pia. Muswada huo uliondolewa mwezi wa Juni mwaka huo huo baada ya maandamano, lakini taka zenyewe hazikuondolewa.

Hata hivyo kitambaa si safi kwa jina tu. Uchunguzi wa idara ya mazingira ya Uingereza uliotolewa mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba faida yake hutegemea namna unavyofua. Ukikausha kwa mashine ya umeme, faida inapotea. Ukianika nje na kumpa mtoto wa pili nepi zile zile, unashinda. Sisi wa Nyacheki tunaanika nje tayari.

Nani anafua?

Sasa nimefika pale nilipotaka. Nimesema kitambaa ni rahisi, lakini rahisi kwa nani? Nepi kumi zinahitaji karibu lita 40 za maji, yaani mitungi miwili ya lita 20 kutoka chemchemi, na kilima cha kwetu mnakijua. Mtoto alipozaliwa, kazi hiyo yote ilimwangukia dada yangu wa Gredi ya Nane. Hakuna aliyemchagua, ilionekana tu ni yake kwa sababu ni msichana. Shule zilipofunguliwa, wiki ya kwanza alichelewa siku tatu. Zile shilingi 2,340 tulizookoa, yeye ndiye aliyezilipa kwa asubuhi zake.

Mama aliona hilo, akatuita sote, na baba akiwemo. Tukagawana. Mimi na kaka yangu tunachota maji jioni na kuloweka. Baba, ambaye ana mikono ya nguvu, huamka saa kumi na moja, husuuza na kukamua. Dada huanika tu akienda shule, na jioni mimi hupiga pasi. Tuliweka pia mfereji wa bati kwenye paa, siku za mvua hatuendi chemchemi. Tangu hapo dada hajachelewa. Kazi ya saa mbili kwa mmoja imekuwa ya nusu saa kwa kila mtu.

Kwa hivyo, wavulana wenzangu, nepi haina jinsia. Aliyechafua ni ndugu yako, na mkono unaoshika jembe unaweza kukamua winda. Kwa haya machache nakunja jamvi langu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza njia mbili za kutambua kitambaa cha pamba.
2. Kwa nini nepi hulowekwa kwanza katika maji baridi?
3. Taja sababu mbili za kupiga nepi pasi.
4. Nyumbani kwenu nani hufua nguo za mtoto, na yeye hufika shuleni saa ngapi?

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu