Idi, Bamvua na Ndege wa Mida

Ushauri wa kwanza anaopewa mtu yeyote anayeanza kutazama ndege ni kuamka alfajiri. Kwa ufukwe wa Pwani yetu ushauri huo una kasoro, na nadhani ndio uliowafanya wengi waamini kwamba ukienda Malindi au Watamu kula Idi na jamaa, lazima uchague: ama ndege, ama ndugu. Alfajiri ya Idi mtu yuko kwenye swala. Baada ya swala kuna wazee wa kuamkiwa, mikono ya kushikwa, watoto wanaosubiri pesa ya sikukuu, kisha biriani ambayo si adabu kuikimbia. Anayeaga saa kumi na moja asubuhi akiwa na darubini shingoni atasemwa mpaka Idi ya mwakani, na atasemwa kwa haki. Hoja yangu ni kwamba hana haja ya kuaga saa hiyo, kwa kuwa ndege wenyewe hawamngojei.

Kanuni ya alfajiri ilitoka msituni, na msituni ni ya kweli. Ndege wa Arabuko-Sokoke huimba kunapokucha, na jua likipanda wananyamaza na kujificha majanini. Vitwitwi, sululu na wenzao wa ufukweni hawaendi na jua. Riziki yao ni kaa wadogo, nyungunyungu wa bahari na konokono waliomo ndani ya tope, na tope hilo hufunuliwa maji yakipwa na kufunikwa yakijaa, mara mbili kwa siku, usiku na mchana. Ndiyo maana hula hata gizani. Mtu akifika hori ya Mida, karibu na Watamu, saa kumi na mbili asubuhi wakati maji yamepwa, ataona uwanja mpana wa tope na vitone vyeusi mbali, karibu na upeo wa macho. Hivyo ndivyo ndege wake wa siku hiyo. Akifika maji yamejaa pomoni, hataona tope wala vitone, maana sululu na wengine wengi wameshapanda mikokoni kupumzika. Kati ya hali hizo mbili kuna saa mbili hivi, maji yanapopanda, ambazo kila dakika tope linapungua na ndege wanasukumwa kuja upande wako.

Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu, lingekuwa saa hizo mbili. Habari njema ni kwamba kuzijua hakuhitaji kifaa chochote kwa anayefuata kalenda ya mwezi. Mvuvi yeyote, au mama yeyote anayekwenda kuchokoa pweza, atakuambia kwamba bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katika pwani yetu bamvua ina saa zake: maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa sana mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika arobaini hadi hamsini. Sasa fikiria Idi ya Mfungo Mosi, ile ya kumaliza Ramadhani, ni siku gani. Ni siku ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo haiwezi kuangukia maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, hata ikitaka. Kila Idi ya Mfungo Mosi, mwaka wowote ule, ni Idi ya bamvua, na jioni yake maji yanajaa. Siku ya kwanza waachie jamaa. Siku ya pili au ya tatu, chakula cha mchana kikishashuka, ondokeni saa tisa. Maji yatakuwa yanapanda mpaka karibu na magharibi, jua limepoa, na hakuna aliyekosa kumwamkia mtu. Ongeza subira kidogo kwa Mida yenyewe, maana maji huingia kwa mlango mwembamba na kuchelewa kuliko bahari ya wazi. Jedwali linalotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya kwa Mombasa litakupa saa kamili ya bandarini, na tofauti ya hapa mwulize mwenyeji.

Kuna anayesema sikukuu haina msimu, ndege wana msimu. Kweli, lakini kwa miaka hii tuna bahati. Ndege wahamiaji hufika kuanzia Agosti na Septemba na kuondoka kufikia Aprili au Mei. Idi ya Mfungo Mosi ya mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi, ya 2026 ni karibu na tarehe 20 Machi, na ya 2027 karibu na tarehe 10 ya mwezi huohuo. Machi ni mwezi mzuri kuliko Desemba kwa sababu ambayo vitabu vya watalii huisahau: ndege wanajiandaa kurudi kaskazini na wanabadilisha manyoya. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo, anayezaa Siberia, ambaye Desemba nzima alikuwa wa kijivu kama wenzake, sasa kifua kinaanza kushika wekundu wa tofali. Kumtofautisha na wengine, kazi inayowavunja moyo wanaoanza, kunakuwa rahisi hata kwa mtoto wa darasa la tatu. Wanaokutana Krismasi, ambayo haifuati mwezi, watazame jedwali. Ila Krismasi ya 2026 inaangukia siku moja baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo hesabu ni ileile ya Idi.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa watazamaji wazoefu. Wao husema maji mafu ni bora, kwa kuwa sehemu ya tope hubaki wazi muda mrefu na mtu ana nafasi ya kutulia. Kwa mtu mmoja mwenye teleskopu kwenye miguu mitatu, nakubali. Kwa familia ya watu wanane yenye darubini mbili, sikubali, kwa sababu maji mafu hayamsukumi ndege popote. Atakula alipo, na pale alipo ni mbali. Wengine hulalamikia joto la mchana na mvuke unaochezesha picha ndani ya darubini. Mvuke huo unategemea umbali. Ndege akiwa hatua sitini kutoka kwako, hewa iliyo kati yenu ni ndogo mno kuharibu kitu.

Hapa nitoe neno kuhusu wauza darubini. Wengi husifia namba ya kwanza tu: hii inavuta mara ishirini, ile mara thelathini. Kinachovutwa mara thelathini mikononi ni mtetemeko wa mikono, na mtoto hatampata ndege kabisa ndani ya tundu jembamba kama lile. Nunua 8x42, au 8x32 kwa mikono midogo. Zile za kubadilisha ukuzaji (zoom) ziacheni dukani. Mengine mnayajua: kofia, maji ya kunywa, viatu vya kuingia topeni.

Mahali pa kukaa ni jambo la hoja pia. Kule Mida kuna daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia. Ada yake huchangia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji jirani kupitia mpango wa ASSETS wa A Rocha Kenya, kwa hiyo usilalamikie shilingi. Uliza kwanza kama mbao ziko sawa. Ukikaa ufukweni badala ya kibandani, chagua upande ambao jua la jioni litakuwa mgongoni, kisha usiondoke hapo. Watu wa mashua watakuambia watakupeleka karibu zaidi, nami nasema wakataeni saa hizo. Ndege wa Machi anajilimbikizia mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, na kila anaporushwa na injini au na kijana anayemkimbilia na simu, anayatumia bure. Maji yanamleta bila kumchosha.

Atakayelipa subira hiyo ni ndege mla kaa, mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi ulionyooka. Mtazameni kwa makini akiwinda: anatembea hatua chache, anasimama, anakimbia ghafla, anachoma. Kaa akiwa mdogo humezwa mzima. Akiwa mkubwa hutikiswa na kupigwa mpaka miguu imtoke. Huyu hazai kwetu Kenya. Huzaa kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba, Omani, Bahari ya Shamu na Somalia, ndani ya shimo alilolichimba mchangani, na kwa kawaida hutaga yai moja tu, jeupe. Kinda lake hushuka kusini pamoja na mzazi, na hata huku likiwa na kimo cha mkubwa bado hulia na kumfuata likidai kulishwa. Ukitaka kumshika mtoto asiyejali ndege, muonyeshe hilo. Atalijua mwenyewe kwa manyoya ya kijivu mgongoni penye weusi kwa mzazi.

Kwa Idi ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, hesabu hii haifai. Siku ya kumi ya mwezi ni maji mafu, na kwa miaka hii inaangukia Mei na Juni, wahamiaji wakiwa wameshakwenda, isipokuwa wachache wa mwaka wa kwanza wasiorudi kuzaa. Hapo sasa amkeni alfajiri, muwe kwenye geti la msitu la Gede kunapopambazuka, na biriani mtaikuta saa saba.