Mafunzo Niliyopata kwa Cooper Black

Nachapa fulana na mabango, na katika fonti zote zilizomo kwenye kompyuta yangu hakuna ninayoipenda kama Cooper Black. Aliibuni Oswald Cooper wa Chicago, ikaingia sokoni mwaka 1922, enzi ambazo wapiga chapa walipanga herufi za madini ya risasi kwa mkono. Ni nene, ncha zake zimeviringwa, na hulifanya neno la kawaida lionekane limeshiba.

1. Ipe maneno machache. Jina la duka, jina la timu, neno moja kifuani. Ukiipa aya nzima, msomaji anachoka mapema.

2. Chunga matundu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Unene wa Cooper Black umekula nafasi ya ndani ya herufi, hivyo tundu la a au e ni dogo sana, na Kiswahili kimejaa a. Andika "maandazi" kwa herufi ndogo: a tatu na d moja, matundu manne ya kulinda katika neno moja. Kwenye fulana ya pamba wino husambaa kidogo. Neno likiwa dogo matundu huziba, yakabaki madoa. Kabla ya kuandaa skrini ya kuchapia natoa nakala kwenye karatasi kwa saizi ileile, naibandika ukutani, nasogea hadi mlangoni na kufinya macho. Tundu lisipoonekana, naongeza saizi au nabadilisha fonti.

3. Zibananishe. Herufi hizi hupendeza zikikaribiana hadi zinataka kugusana. Anayezichora ukutani kwa brashi naye asizinyooshe kwa rula: chini zimepinda kidogo, na tundu la O limelala upande. Ukizinyoosha, uchangamfu wote unaondoka.

4. Uchangamfu una nafasi hata penye huzuni. Familia moja ilikuja kuchapisha fulana za kumbukumbu ya bibi yao. Nikawaonyesha fonti nyembamba, za heshima. Mjukuu mmoja akasema, "Kaka, bibi hakuwa mtu wa kununa." Tukaandika jina lake kwa Cooper Black, kubwa, na tarehe chini yake kwa herufi nyembamba. Naamini tulimtendea haki marehemu. Hata jalada la Pet Sounds, albamu ya The Beach Boys ya mwaka 1966, limeandikwa kwa fonti hiihii, na ndani yake zimo nyimbo za majonzi.

5. Rangi moja inatosha. Wateja wengi huomba kivuli, mstari wa pembeni na mng'ao juu yake. Ninawashawishi waache, kwa sababu umbo lenyewe lina mwili: kahawia iliyokolea juu ya kitambaa cha rangi ya maziwa inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.